Viatu Huvuliwa Mlangoni

Siku tatu kabla ya nikaha yake, mpwa wangu alikuja kwangu Tanga baada ya swala ya isha, akasimama barazani na viatu vyake miguuni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, pita ndani."

Hakupita. Kwetu hakuna anayesubiri kuambiwa avue viatu, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Nikatoka mimi, tukakaa barazani, na baada ya kuzungukazunguka akalitoa: "Mjomba, Ijumaa nitavua viatu mara mbili. Mara ya kwanza msikitini, mbele ya wakwe. Mara ya pili nikienda kumpa mkono bibi harusi. Na yeye hajawahi kuniona bila hizi buti."

Buti zile ni za kuongeza kimo. Miaka miwili ya uchumba ilikuwa imesimama juu yake.

Mimi mwenyewe nina sentimita 162. Viatu vya namna ile nimevivaa, nikaviacha, na sasa navaa vya kiasi, kwa hiyo maneno yake yalinigusa pale pale. Nilichokiona usiku ule ni kwamba kijana alikuwa amefunga mambo matatu katika fundo moja: kiatu kinaongeza nini hasa, ufupi unatoka wapi, na watu wanamtazamaje mwanamume mfupi. Kila jambo lina jibu lake. Ukichukua jibu la moja ukalipachika kwenye jingine, ndipo unapojikuta umekaa barazani usiku huku nyumba iko wazi.

Tuanze na kiatu, maana ndicho kinachoshikika.

Asubuhi tulichukua buti moja tukampelekea fundi viatu, mzee anayekaa chini ya mwembe na sanduku lake la misumari na gundi. Akaingiza mkono, akang'oa soli ya ndani kwa koleo, akatuonyesha. Kwa nje kisigino kilikuwa cha sentimita 3, hakina cha kutilia shaka. Kwa ndani mlikuwa na kabari ya sponji ngumu, nene sentimita 4 chini ya kisigino, ikishuka polepole hadi kuisha kabla ya kufika vidoleni. Tatu na nne, saba. Fundi akaigonga kwa kucha, akasema ni kazi nzuri. Siri yote ya viatu vile, hata vinavyouzwa kwa bei ya kutisha kwenye intaneti, ni kabari hiyo tu. Na ndiyo maana karibu vyote ni buti au raba zenye shingo ndefu: kisigino kikipandishwa ndani ya kiatu kifupi, mguu unachomoka ukipiga hatua. Shingo ndefu inaushika mguu, na pia inaficha kwamba kifundo kimekaa juu kuliko kawaida yake.

Sasa hesabu, ambayo wauzaji hawaifanyi. Kwanza, sentimita 3 za kisigino cha nje si faida. Kiatu cha ofisini cha mwanamume yeyote kina kisigino cha sentimita 2 au 3, kwa hiyo anayesimama karibu yako naye ameinuliwa. Unachomzidi ni ile kabari. Pili, kabari ya sentimita 4 haikupi sentimita 4 za kimo. Uzito wa mwili unashukia kwenye kifundo cha mguu, na kifundo hakiko juu ya ncha ya kisigino, kiko mbele yake kidogo. Ukiinua kisigino peke yake, mguu unageuka kama ubao uliolazwa kwa mshazari: ncha ya nyuma inapanda sana, sehemu ya kati inapanda kidogo. Jaribu ukutani kwa penseli. Simama peku, piga alama kichwani. Kanyaga ubao wenye unene wa sentimita 4 kwa unyayo mzima, piga alama ya pili. Kisha weka ubao ule chini ya visigino tu, piga ya tatu. Alama ya tatu itakuwa chini ya ile ya pili, na pengo linaonekana kwa macho. Mpwa wangu aliponunua "sentimita 7" alikuwa amenunua karibu 3 za kweli juu ya wanaume wenzake.

Hizo 3 zina gharama yake. Kisigino kikiinuka, uzito unahamia mbele, kwenye ule mto ulio nyuma ya vidole. Anayevaa kutwa nzima anarudi na unyayo unaowaka. Msuli wa nyuma ya ugoko unazoea kukaa umekunjwa, na ukizoea, siku ukivaa kandambili kano ya kisigino inavuta na kuuma. Kifundo kinakosa uimara: kukanyaga jiwe au kuruka mfereji, au kushuka bodaboda haraka, ni rahisi kuteguka. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia asiviguse kabisa, maana kidonda cha unyayo atakigundua kikiwa kimeshakomaa.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuvivaa, na simkatazi mtu, ni huu. Kabari ya sentimita 2 hadi 3 ndani ya kiatu chenye nafasi inavumilika kwa watu wengi. Anza kwa saa chache, nyosha misuli ya nyuma ya ugoko jioni, na chagua kiatu ambacho soli ya mbele nayo ina unene, kwa sababu hapo mshazari unapungua. Zaidi ya sentimita 5 ni kiatu cha tukio, cha saa mbili au tatu za picha. Kazini kutwa nzima hapana.

Nilipofika hapo kijana akaniuliza swali zuri: hivi ni aibu mwanamume kuvaa kisigino?

Historia inajibu kwamba kisigino kilianza kwa wanaume. Wapanda farasi wa Uajemi walikitumia kunasia mguu kwenye kikuku cha farasi, ili waweze kuinuka juu ya tandiko na kurusha mishale bila kuteleza. Mwanzoni mwa karne ya 17 mtindo ule ukawaingia wakubwa wa Ulaya. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, katika picha aliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, amesimama na visigino virefu vyekundu, mguu ameutanguliza mbele ili kila mtu avione. Karne ya 18 ilipokuwa ikienda, wanaume wa Ulaya wakaviacha, wanawake wakabaki navyo, na watu wakasahau vilikotoka.

Kwetu nako si hadithi ngeni. Waliokuwa vijana miaka ya 1970 wanakumbuka raizoni, vile viatu vya soli nene vilivyovaliwa na suruali za bugaluu. Mwanamume alipanda juu vidole vitatu, vinne, akaenda dansini, na hakuna aliyemwita mwongo. Wazee wa pwani walikuwa na mitalawanda, viatu vya mbao vilivyomwinua mtu juu ya maji ya chooni. Na tazama kofia. Kofia ya kiua iliyopigwa pasi ikasimama vizuri inamwongezea mtu kimo kichwani kama kabari inavyomwongezea miguuni. Kanzu nayo, kwa kuwa ni nguo moja isiyokatwa kiunoni, inamfanya mfupi aonekane amenyooka. Hakuna bwana harusi aliyewahi kukosa usingizi akiogopa kuvuliwa kofia.

Tofauti basi iko wapi? Raizoni, kofia na visigino vya mfalme vilikuwa wazi. Kila aliyeviona alijua ni pambo. Buti za mpwa wangu zilikuwa zinadai kuwa ni yeye. Mimi nadhani uzito wote uko hapo, na nitarudi.

Kabla ya hapo, ufupi wenyewe. Kimo cha mtu kwa sehemu kubwa ni urithi. Wataalamu hukadiria karibu asilimia 80 ya tofauti za vimo ndani ya jamii iliyolishwa vizuri. Lakini hakuna "jeni la urefu" moja la kulilaumu. Utafiti uliotoka mwaka 2022, uliochunguza watu zaidi ya milioni 5, ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 katika vinasaba zinazochangia kimo, kila moja kidogo sana. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanapishana kichwa kizima.

Sehemu inayobaki ni chakula na maradhi ya utotoni. Waholanzi katikati ya karne ya 19 walikuwa miongoni mwa watu wafupi Ulaya, wanaume wao wakiwa na wastani wa sentimita 165 hivi. Leo wastani wao uko karibu na 183. Vinasaba havibadiliki kiasi hicho katika vizazi vichache. Kilichobadilika ni sahani, maji na afya. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu. Kenya, mwaka huo huo, 18. Hapa ndipo ninapoumia ninaposikia mtu akiitwa andunje na watu wakacheka. Kwa mwingine ni damu ya babu yake. Kwa mwingine ni njaa na kuhara kwa siku 1000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa kumtazama.

Mtu mzima anaweza kuongezeka? Mifupa mirefu inakua kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake. Baada ya kubalehe gegedu hilo linageuka mfupa na mlango unafungwa. Kwa wavulana wengi ni kati ya miaka 16 na 18, wengine wanachelewa kidogo. Lionel Messi alitibiwa kwa sindano za homoni ya ukuaji kwa sababu alikuwa mtoto aliyethibitishwa kuwa na upungufu wake, na mlango ulikuwa bado wazi. Leo ana sentimita 170. Kijana wa miaka 25 akiuziwa vidonge, unga au mkanda wa "kuongeza urefu" ameibiwa fedha zake, na nasema hivyo bila kusita. Wauzaji wanashikilia jambo moja la kweli: kila mtu anaamka mrefu kuliko anavyolala, kwa sentimita moja hivi au zaidi, kwa sababu visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hupoteza maji mchana kwa kubeba uzito. Pima kabla ya dawa jioni, pima baada ya dawa asubuhi, na dawa "imefanya kazi".

Upasuaji upo. Daktari Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi Kurgan huko Siberia, alionyesha tangu miaka ya 1950 kwamba mfupa ukikatwa na kuvutwa milimita moja kwa siku, mfupa mpya hujaza pengo. Aliwatibu majeruhi na waliozaliwa na mguu mmoja mfupi. Leo wapo wanaovunjwa miguu mizima kwa ajili ya kimo, kwa makumi ya maelfu ya dola na miezi ya maumivu. Mpwa wangu alikuwa amelisoma hilo. Alikuwa ameshapiga hesabu ya kuuza kiwanja. Nilipolisikia nikanyamaza kwa muda.

Basi watu wanamtazamaje mfupi? Hapa sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Upendeleo upo. Tafiti za nchi za Magharibi zimeonyesha mara nyingi kwamba wanaume warefu wanalipwa zaidi. Lakini ukiuchimba upendeleo huo unakutana na kitu cha ajabu. Mwaka 2004 wachumi Nicola Persico, Andrew Postlewaite na Dan Silverman walichunguza kumbukumbu za wanaume weupe wa Uingereza na Marekani, wakaona kwamba kinachohusiana na mshahara si kimo cha mtu mzima bali kimo alichokuwa nacho akiwa na miaka 16. Aliyekuwa mfupi shuleni akarefuka baadaye hakupata nyongeza ile. Aliyekuwa mrefu shuleni kisha wenzake wakamfikia, alibaki nayo. Maelezo yao yalikuwa kwamba kijana mfupi hujitenga na michezo na vikundi vya wenzake, akakosa yale anayojifunza mtu katikati ya watu. Miaka minne baadaye Anne Case na Christina Paxson wakaleta maelezo mengine: watoto waliokula vizuri na kuwa na afya hurefuka na pia hufanya vizuri kwenye majaribio ya akili, kwa hiyo kimo ni alama tu ya utoto mzuri. Wataalamu wanabishana hapo. Lakini kwa maelezo yote mawili, kabari anayoiweka mtu wa miaka 30 chini ya kisigino haigusi palipoumia.

Nayo ndoa? Mwaka 1980 watafiti Gillis na Avis waliangalia ndoa 720, wakakuta moja tu ambayo mke alimzidi mume kimo, ilhali kwa bahati nasibu zingetarajiwa kuwa karibu 14. Mtu anaweza kusema hiyo ni sheria ya maumbile. Kisha Rebecca Sear na Frank Marlowe wakapima Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na matokeo yao ya mwaka 2009 yakaonyesha kwamba huko wake waliowazidi waume ni takriban 8 katika kila 100, idadi ile ile ambayo ungeipata kama watu wangeoana bila kuangalia kimo kabisa. Wawindaji wanaotegemea miguu na mikono yao kupata chakula hawakujali. Basi si maumbile. Ni desturi, na desturi inatofautiana hata ndani ya Tanzania hii hii.

Macho ya watu pia hudanganywa kwa makusudi. Napoleon aliandikwa kuwa na futi 5 na inchi 2, lakini kwa vipimo vya Kifaransa vya wakati ule, ambavyo ni virefu kuliko vya Kiingereza. Ukivigeuza unapata sentimita 168 hivi, kimo cha kawaida kwa Mfaransa wa zama zake. Ufupi wake ulichorwa na wachora katuni wa Uingereza, James Gillray akiwa mbele yao, kwa sababu vita hupiganwa kwa dhihaka pia. Miaka mia mbili baadaye bado mwanamume mfupi akikasirika ofisini anaambiwa ana ugonjwa wa Napoleon, na mrefu akikasirika anaambiwa amekasirika. Na Eliud Kipchoge, mwenye sentimita 167, alipokimbia umbali wa marathoni Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ilibishana kuhusu unene wa soli zake. Mapema mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Ubishi wote ule ulikuwa kama soli inampa msukumo. Kimo chake hakikuwa na kesi.

Nirudi kwenye siri. Nilipokuwa navaa viatu vyangu vya kwanza, nilikwenda kwa muda nikichagua pa kwenda. Nilikataa mwaliko wa chakula cha mkekani. Nilifika msikitini mapema kuliko wote ili nivue nikiwa peke yangu, nikatoka wa mwisho. Ufukweni sikwenda. Pale nilipokuwa nimevaa nilijisikia vizuri kweli, sitaki kukanusha: mabega yalifunguka, nilizungumza bila kujikunja. Lakini kila sentimita niliyopata ofisini niliilipa kwa mlango fulani nisioweza kuingia. Na sisi tunaishi kwa kuvua viatu: kwa jirani, kwa wakwe, msibani, kwenye swala. Mzungu anayeingia na viatu hadi sebuleni anaweza kubeba siri hii miaka mingi. Mtu wa pwani haimalizi wiki.

Niliporudi kuvaa kabari, safari hii ya sentimita 2, mke wangu alikuwepo nilipokuwa naikata kwa mkasi. Wadogo zangu wanajua. Ni ile ile, sponji ile ile, ila siku hizi navua viatu mlangoni kwa mtu bila kufikiri.

Kwa hiyo usiku ule sikumwambia mpwa wangu atupe buti. Nilimwambia ampigie mwenzake. Alikwenda hadi kwenye mnazi wa mwisho wa uwanja, akazungumza muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Binti hakucheka, wala hakusema kwamba alikuwa akijua siku zote. Alinyamaza, kisha akamuuliza: "Kuna jingine ulilonificha?" Kimo hakukitaja hata mara moja. Kijana akamweleza kuhusu deni la pikipiki, ambalo hata mimi nilikuwa silijui, na kuhusu kile kiwanja. Waliongea tena kesho yake, mara hii shangazi akiwepo.

Alhamisi tulirudi kwa fundi. Kabari ya sentimita 4 ikatolewa, ikakatwa ya 2, ikapigwa gundi na kuachwa juani. Kiatu kiliposhuka, suruali ya suti, iliyoshonwa kwa kipimo cha zamani, ikawa inaburuza na kujikunja juu ya kifundo, na kwa mtu mfupi hakuna kinachomkata kimo kama suruali iliyojikunja chini. Tukapita kwa fundi cherehani. Akampigisha goti, akabana pindo kwa pini, akamwambia asimame wima na atazame mbele, asiangalie chini. Akaipunguza kwa upana wa kidole kimoja.